Ajali ya zamani: niiandike kwenye fomu ya bima?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Mikindani. Februari 2023 niliigonga lori kwa nyuma pale njiapanda ya Mingoyo, nikiwa na IST. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa na bima ndogo tu, ile inayolipa hasara za wengine, nikatengeneza gari kwa hela yangu. Sasa nimenunua Harrier ya milioni 30, nataka bima kubwa, inayolipia na gari langu mwenyewe. Wakala ananiambia palipoulizwa ajali nijaze "hapana" ili bei ishuke. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usijaze hapana.

Kwanza soma swali lenyewe, maana fomu hazifanani. Ikiuliza madai uliyowahi kupeleka kwa kampuni ya bima, kwako ni hapana, na ni kweli. Ikiuliza ajali, ni ndiyo, hata kama gereji ulilipa mwenyewe. Wengi hujikwaa hapo. Wala usiseme IST ilishauzwa; dereva ni yuleyule.

Sasa hesabu. Bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tukichukua 3.5%, Harrier yako ni shilingi 1,050,000. Ukiweka VAT ya 18% unafika 1,239,000. Ajali moja inaweza kukunyima punguzo, au isibadilishe chochote. Haya, tuseme umeongezewa 10%: ni 123,900. Hicho ndicho wakala anachokuokolea, huku akiziweka rehani milioni 30. Sisi wa Kusini tunaijua biashara hii, ni kangomba: unapewa vihela vya haraka kabla ya msimu, korosho zikikomaa si zako.

Bima husimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Uwongo wa kwenye fomu haufukuliwi siku ya kulipia, hufukuliwa siku ya kudai, kampuni inapotuma mtu kuchunguza. Wakibaini ulificha jambo zito, wanaweza kukataa kulipa. Wakala atasema hakukushauri hivyo, na sahihi ni yako.

Andika kwa kifupi: "Februari 2023, Mingoyo, niligonga lori kwa nyuma, hakuna majeruhi, sikudai." Risiti ya gereji ukiwa nayo, ambatisha. Piga picha fomu kabla hujaikabidhi. Kisha peleka majibu hayohayo kwa kampuni mbili tatu ndipo ulinganishe bei. Bei iliyotolewa kwa jibu la uwongo si bei. Ukishalipa, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo, uone kama bima yako imesajiliwa.