Anxi na chai yake: tunajibu maswali yenu

Hiyo Anxi mnayoitaja kila mara iko wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ni wilaya ya mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, chini ya mji wa bandari wa Quanzhou. Wenyeji huigawa mara mbili. Anxi ya ndani, upande wa magharibi, ina milima mirefu, baridi na ukungu. Huko ndiko kwenye chai. Anxi ya nje iko chini zaidi na ina joto, na watu wengi wa huko hutengeneza samani na mapambo ya henzirani na vyuma vya kuuza ng'ambo.

Nao huchuma majani mawili na chipukizi kama sisi? (Mkulima, Kericho)

La. Chai yao, Tieguanyin, huachwa mpaka chipukizi lifunguke na majani yakomae kiasi. Mavuno yanayosifiwa ni ya masika na ya vuli. Majani hunyaushwa juani, kisha hutiwa kwenye nyungo za mianzi na kutikiswa, yakapumzishwa, yakatikiswa tena, usiku kucha. Kingo zikichubuka huanza kuwa nyekundu huku katikati pakibaki kijani, na chumba kizima hunukia maua. Hapo fundi anategemea pua yake: akichelewa, harufu imepotea. Akiridhika, huyatia kwenye moto mkali ili yasiendelee kuchachuka, huyafunga kitambaani na kuyakanda mara nyingi mpaka yajiviringe kuwa punje ngumu. Kwenu Kericho mashine hulikatakata jani na kulisaga. Anxi jani hubaki zima. Mwaka 2022 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua utaratibu huo kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Ni kweli mche wa kwanza ulionekana ndotoni? (Msomaji, Zanzibar)

Ndivyo wasemavyo watu wa ukoo wa Wei: babu yao aliota mche huo kwenye ufa wa mwamba, akaamka akaufuata. Ukoo wa Wang nao wanasema aliyeugundua ni msomi wao. Hadithi zote mbili ni za tarafa ya Xiping, karne ya 18. Mimi nisingeingilia ugomvi huo.

Wilaya hiyo ina uhusiano wowote na biashara ya bahari? (Msomaji, Kilwa)

Upo, tena wa chuma. Katika kijiji cha Qingyang kuna mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za enzi za falme za Song na Yuan (karne ya 10 hadi ya 14). Chuma hicho kilipelekwa Quanzhou, bandari ambayo Waarabu waliiita Zaytun. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko Kilwa mwaka 1331, ameieleza bandari hiyo pia. Mabaki ya Qingyang yaliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021, pamoja na maeneo mengine ya Quanzhou.

Nikipita huko ninunue nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tambi nyembamba za mchele za Hutou, mji mdogo wa Anxi, ambazo huiva upesi. Tieguanyin yako ikiwa bado ina rangi ya kijani, iweke kwenye friji. Itie maji yanayochemka, majani yaleyale mara tano au sita, na maziwa waachie wengine.