Kompyuta Yangu Haina Kadi ya Michoro

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Dar es Salaam. Nimerekebisha kosa dogo katika NVPTX, ile sehemu ya LLVM (mradi huria wa kutengeneza kompaila, yaani programu za kutafsiri msimbo) inayotoa msimbo wa kadi za michoro za NVIDIA, lakini laptopu yangu ina kumbukumbu ya GB 8, haina kadi hiyo, na ikifika hatua ya kuunganisha faili huganda kabisa. Je, niache? — Msomaji, Sinza

JIBU: Ndugu msomaji, usiache. Usipoiambia vinginevyo, LLVM hujengwa kwa ajili ya karibu aina zote za prosesa inazozitambua, ilhali wewe unahitaji mbili tu, ya laptopu na ya kadi; basi katika mipangilio ya ujenzi weka LLVM_TARGETS_TO_BUILD iwe "X86;NVPTX", chagua Release (toleo la kutumia) badala ya Debug (toleo zito la kutafutia makosa), na LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS iwe 1 ili faili ziunganishwe kwa zamu. Umeme ukikatika, kama tunavyojua hukatika, ninja, programu inayosimamia ujenzi, haitarudia yaliyokwisha kukamilika.

Kuhusu kadi, kazi ya kompaila ni kutafsiri, na tafsiri yaweza kukaguliwa bila kuendeshwa. Majaribio mengi ya NVPTX ni faili fupi zenye kipande cha msimbo wa kati (lugha ya ndani ya LLVM) ambacho programu iitwayo llc hukitafsiri, kisha nyingine, FileCheck, hutafuta katika matokeo mstari unaotarajiwa, kwa mfano "; CHECK: add.s32" pale nambari kamili mbili za biti 32 zinapojumlishwa. Andika jaribio linaloshindwa bila rekebisho lako na kufaulu likiwapo, kisha endesha ninja check-llvm-codegen-nvptx.

Wengi huishia hapo, nami naona ni mapema mno. Kinachotoka ni PTX, lugha ya amri za kadi za NVIDIA, ambayo bado ni maandishi, na FileCheck huridhika na mstari ulioutaka hata kama kadi husika haina amri hiyo. Anayeigeuza PTX kuwa msimbo wa mashine ni ptxas, inayokuja na CUDA, zana za NVIDIA za kuandikia programu za kadi zake. Si programu huria, ila hupakuliwa bure na haihitaji kadi. Ipe PTX yako ukitaja aina ya kadi, tuseme sm_80, uone kama itaikataa.

Usichoweza kukipima hapo Sinza ni usahihi wa jibu kadi inapofanya kazi, hasa nyuzi nyingi (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa pamoja) zinapoandika mahali pamoja kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo unapotuma rekebisho, eleza waziwazi kwamba hujaliendesha kwenye kadi na utaje ulichokagua, ili mkaguzi mwenye kadi ajue aanzie wapi.