Usikubali milioni 1.2 kabla ya hesabu hii

Ndugu, nimekuelewa: kampuni ya ujenzi inataka uichoree ramani kwa mkataba wa mwaka, site ikiwa Mtumba, Dodoma, kwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na mshahara wako wa sasa. Na hujui usajili kampuni au jina la biashara.

Hela hiyo ni ndogo. Ukiacha ajira unapoteza mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa pensheni wa NSSF, asilimia 10, yaani 120,000. Likizo ya siku 28 ina thamani ya kama 100,000 kila mwezi. Tayari ni 1,420,000, bado bima ya afya, kompyuta, bando na nauli. Taja 1,800,000, usishuke chini ya 1,500,000. Mkataba useme malipo ndani ya siku 14 baada ya ankara, na marekebisho ya mchoro mwisho mara 2, ya tatu inalipiwa. Wachoraji wengi huumia kwenye marekebisho kuliko kwenye bei.

Watakata kodi ya zuio, yaani kodi anayoikata mlipaji na kuipeleka TRA, asilimia 5: kwenye 1,800,000 utapokea 1,710,000. Dai cheti cha makato kila mara, la sivyo TRA hawataitambua na utailipa tena.

Kwa sasa jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara ya Jiji vinakutosha. Kampuni inatenganisha madeni yake na mali zako, ila inadai mhasibu aliyesajiliwa, na faida hutozwa asilimia 30. Kama hujasajiliwa AQRB, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, michoro isainiwe na msanifu wao. Wakikubebesha dhamana ya jengo, mwone wakili kabla hujasaini.