Kwa nini "tell me" ni sawa, "explain me" ni kosa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya mbao hapa Mafinga. Baadhi ya wateja wetu wako nje ya nchi, kwa hiyo barua pepe zao naziandika kwa Kiingereza. Juzi bosi alinirudishia moja ina mistari myekundu mahali patatu: "Please explain me the price", "We suggest you to pay early" na "The police made the driver to wait". Nimesoma mara kumi, kosa silioni. Mbona "tell me" inakubalika? Barua yenyewe nimeiambatisha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sentensi zako zote tatu ni Kiswahili safi kilichovalishwa maneno ya Kiingereza, ndiyo maana huoni kosa.

Sisi mtu tunamweka ndani ya kitenzi: niambie, nipe, nionyeshe, nieleze. Ile "ni" inaingia kotekote bila kubisha hodi. Kiingereza hakina chumba hicho ndani ya kitenzi. Vyote vinafuata nyuma, kama tela nyuma ya kichwa cha lori, na kila kichwa kina aina yake ya tela. "Tell", "give", "show" na "send" hubeba mtu na kitu kwa pamoja: "Show me the invoice". "Explain" hubeba kitu peke yake. Mtu hupitishwa kwenye "to": "Please explain the price to me". Ndivyo zilivyo pia "describe", "report" na "say".

Ukiniuliza sababu, sehemu yake ni historia. Vitenzi vifupi vya asili ya Kiingereza chenyewe mara nyingi hukubali mzigo wa aina mbili. Vingi vilivyotoka Kilatini, kama "explain", hukataa. Lakini usiigeuze kuwa sheria, maana "promise" nayo ni ya Kilatini na watu husema "promise me" kila siku.

Sentensi ya pili inatoka kwenye "tunashauri ulipe". "Suggest" haitaki mtu akifuatiwa na "to". Andika "We suggest that you pay early" au "We suggest paying early". Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila mwaka ninapolifundisha. Wakisema "We suggest that he pay", hiyo "pay" haina "s" ingawa mtendaji ni "he". Haisemi kwamba analipa; inasema alipe. Wana kivuli cha ile "e" yetu ya mwisho, ila wao wameibakiza pembeni, sisi tunaitumia tangu chai ya asubuhi. Ukiona inakusumbua, achana na "suggest", chukua "advise": "We advise you to pay early". Hiyo inakubali mtu na "to", sawa na "want", "ask", "tell" na "allow".

Kuhusu dereva na polisi, pole, kosa hilo nalijua kwa karibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, Iringa mjini, niliandika ubaoni "Hard work made him to succeed". Ikakaa pale kipindi kizima na darasa zima likanakili. "Make" na "let" hazitaki "to" kabisa: "made the driver wait", "let him go". Ajabu ni kwamba "make" ukiigeuza kauli ya kutendwa, "to" inarudi: "The driver was made to wait". "Help" yenyewe haina neno, uweke usiweke.

Kuna vitenzi ambavyo tela likibadilika, maana nayo inabadilika. Chukua lori lenu linaloshuka Kitonga kwenda Dar. "The driver stopped to check the brakes": dereva kasimama ili aangalie breki, mpe pongezi. "The driver stopped checking the brakes": dereva kaacha kuangalia breki, na mimi abiria nashuka hapohapo.

Kwa hiyo neno jipya usiliandike kwenye daftari likiwa peke yake. Andika sentensi nzima. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliona wanafunzi wake wanakwama papo hapo, na kamusi yake iliyotoka Tokyo mwaka 1942 ilionyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Kamusi za wanafunzi za leo bado hufanya hivyo. Usisome maana tu, soma na mifano.

Halafu chini kabisa ya barua yako, pasipo na mstari, umemalizia "We look forward to hear from you". Weka "hearing". Hiyo "to" ni kihusishi, kama ilivyo katika "We look forward to your reply", na kitenzi kikikaa nyuma ya kihusishi huchukua "-ing". Bosi naye hiyo imempita.