Kona ya Wakusanyaji: Glovu Mpya, Saini ya Zamani

Karibu barua zote za safari hii zinauliza kuhusu saini za watu mashuhuri, na aliyetajwa zaidi ni Muhammad Ali. Hatushangai. Saini yake inatafutwa sana, kwa hiyo inaghushiwa sana.

SWALI: Nauziwa glovu nyekundu ya ndondi yenye saini ya Muhammad Ali, kubwa, kwa maka peni nyeusi. Muuzaji anasema ilisainiwa Kinshasa mwaka 1974, siku za pambano na George Foreman. Nianzie wapi kuikagua?
— Msomaji, Mwanza

JIBU: Iache saini kwanza, ndugu yetu, uanze na glovu yenyewe. Mghushi anaweza kujifunza mkono wa Ali kwa miaka, lakini glovu yenye umri sahihi ni ghali na adimu, kwa hiyo wengi hununua mpya dukani. Igeuze usome lebo. Je, ina mistari ya bakodi? Mistari hiyo ilianza kusomwa na mashine dukani Juni 1974 huko Ohio, Marekani, miezi minne tu kabla ya pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba. Glovu yenye bakodi haikuwa Kinshasa. Ikiwa na anwani ya tovuti, mrudishie muuzaji mzigo wake bila hata kubishana.

Kisha tafuta mahali ngozi ilipopasuka, pale saini inapopita. Tumia lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara. Kama saini ni ya zamani, ufa umeukata wino: rangi iko kwenye kingo mbili, ndani ya ufa hakuna kitu. Kama ngozi ilichakaa kwanza na saini ikaja baadaye, wino umetiririka ukazama ndani ya ufa. Hiyo ya pili haimaanishi lazima ni ghushi, maana Ali angeweza kusaini glovu kuukuu miaka mingi baadaye, lakini hadithi ya “ilisainiwa 1974” imekufa hapo hapo.

Sasa ndiyo uje kwenye mkono. Saini ya Ali haikuwa moja maisha yote. Hadi mapema 1964 alisaini Cassius Clay. Jina la Muhammad Ali alipewa Machi mwaka huo, siku chache baada ya kumpiga Sonny Liston. Katika miaka ya 1970 mkono wake ulikuwa mpana na wenye kasi. Mwaka 1984 ilijulikana kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na kadiri miaka ilivyokwenda saini ilizidi kuwa ndogo, herufi zikabanana. Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: saini kubwa ya miaka ya 1970 juu ya kitu kilichotengenezwa miaka ya 1990. Mghushi huiga saini nzuri kwa sababu ndiyo inayouzika, akasahau kwamba mwenyewe hakuwa tena na mkono ule. Mpangilio wa miaka ukigongana namna hiyo, huna haja ya kupima umbo la herufi.

Tahadhari moja: kuona “Cassius Clay” kwenye kitu cha baada ya 1964 si ushahidi wa kughushi peke yake. Baadaye alikubali kuwasainia wakusanyaji majina yote mawili. Lakini hapo tena mkono uwe wa umri huo.

SWALI: Katika kundi letu tumegawanyika. Wengine wanasema saini ikitetemeka ni ghushi, basi. Wengine wanasema Ali alikuwa mgonjwa, lazima itetemeke. Nani mkweli? Na swali dogo la mwisho: nimeonyeshwa karatasi yenye saini ya Ali, inadaiwa aliisaini Nairobi. Inawezekana?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Kila upande una nusu. Kanuni ya kutetemeka ni nzuri kwa watu wazima wa afya, kwa sababu anayechora saini ya mwingine huandika polepole, na kalamu iendayo polepole hutikisika. Kwa Ali wa miaka ya mwisho kanuni hiyo inaharibika, lakini haifi. Angalia mtetemo uko wapi. Wa ugonjwa husambaa kote, hata kwenye mistari rahisi iliyonyooka, na kalamu bado inasonga mbele bila kusita. Wa mghushi hujikusanya kwenye kona ngumu: hapo amesimama, akainua kalamu, akaitua tena kandokando ya alipoachia. Kwenye lenzi utaona kiungo, kama uzi uliokatika ukafungwa fundo. Angalia pia mwanzo na mwisho wa kila mstari. Mkono uliozoea hutua ukiwa tayari unatembea na huondoka bado unatembea, kwa hiyo ncha huchongoka. Mchoraji hutua, husimama, ndipo huanza; ncha zake ni butu.

Maoni yetu, na tunajua wapo watakaokasirika: mwenye fedha kidogo asitafute glovu kabisa. Ali aligawa vijikaratasi vya mafundisho ya Kiislamu kwa wingi, akivisaini na mara nyingi kuandika tarehe. Wapo wanaovidharau kwa kuwa havipendezi ukutani. Lakini tarehe hukupa kitu cha kulinganisha, na bei yake ya chini haimvutii sana mghushi.

Kuhusu swali lako dogo la mwisho, saini “ya Nairobi”: Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, naye akapita Dar es Salaam na Nairobi. Kwa hiyo karatasi ya Nairobi ya mwezi huo ni jambo linalowezekana. Itafutiwe picha au gazeti la siku hiyo.

SWALI: Nina santuri ya Queen, Greatest Hits II, imesainiwa na wote wanne kwa maka ya dhahabu. Freddie Mercury ni mzaliwa wetu, naomba mniambie kweli.
— Msomaji, Unguja

JIBU: Kweli yenyewe ni chungu kidogo, dada. Mkusanyo huo ulitoka Uingereza tarehe 28 Oktoba 1991. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo huo, baada ya kuugua muda mrefu akiwa amejitenga na watu. Kuna siku 27 tu, na ni siku za mgonjwa wa kitandani. Hatusemi haiwezekani, tunasema anayetaka tuamini alete ushahidi mzito kuliko maneno.

Kwa santuri za zamani zaidi za kundi lolote, usiruke kusema “kalamu ni moja, basi ni feki”. Watu wanne wakikaa meza moja hupitishiana kalamu moja. Kinachotakiwa kutofautiana ni mgandamizo, mwendo, mlalo na ukubwa. Saini nne zilizopangana vizuri, hakuna inayoikanyaga nyingine, zote zimelala upande mmoja kwa pembe ile ile, huenda ni za mkono mmoja. Na hata kama karatasi ni ya kweli na ya wakati wake, si lazima mkono uwe wa msanii: wasaidizi wa Beatles, Neil Aspinall na Mal Evans, waliwasainia mashabiki kwa niaba ya wanamuziki. Karatasi hizo zina umri sahihi, wino sahihi, hata hadithi ya kweli ya familia. Kilichokosekana ni mkono tu.

SWALI: Kampuni moja ya uhakiki imeipitisha saini yangu, nyingine imeikataa. Nimelipa mara mbili. Nimwamini nani?
— Msomaji, Muscat

JIBU: Ulicholipia mara zote mbili ni maoni, si kipimo cha maabara. Kampuni kubwa za Marekani kama PSA, JSA na Beckett hulinganisha saini yako na mifano waliyo nayo, na barua zao zenyewe huandika kwamba hayo ni maoni. Mwenye mifano mingi ya miaka ya 1960 na michache ya 2000 atakosea kwenye ya 2000. Pia uliza walikuwa na kitu chenyewe mkononi, au walitazama picha tu. Mgandamizo na viungo vya kalamu havionekani vizuri pichani. Aliyekataa mwombe sababu moja tu iliyo wazi: herufi gani, mwaka gani. Asiyeweza kuitaja, maoni yake yana uzito mdogo.

Cheti pekee kisikulaze usingizi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI ilivunja mtandao wa waghushi kutoka San Diego, katika operesheni iliyoitwa Bullpen, na bidhaa zao ziliuzwa na vyeti kamili. Kati ya vilivyokamatwa kulikuwa na mpira wa besiboli wenye saini ya Mother Teresa. Stika zenye namba, ambazo kampuni hizo hubandika kwenye kitu zilichokipitisha, nazo huigwa: ingiza namba ya stika kwenye tovuti ya kampuni, na usiridhike kuona namba ipo. Linganisha picha. Mara nyingine namba ni halali, ila ni ya kitu kingine.

SWALI: Nitajuaje kama kitabu kimesainiwa na mashine?
— Msomaji, Leicester

JIBU: Tafuta nakala ya pili. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Mashine ndiyo kazi yake. Piga picha zote mbili kwa kamera iliyo juu kabisa ya ukurasa, zichapishe kwa ukubwa mmoja, ziweke moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha mchana. Zikifunikana kabisa, ni mashine. Zisipofunikana usishangilie bado, maana mashine hupewa mifano kadhaa. Hivyo angalia pia nukta za wino mwanzo na mwisho wa mistari, kalamu inapoteremshwa na kuinuliwa, na unene usiobadilika popote.

Ndivyo wanunuzi wa kitabu cha Bob Dylan walivyogundua mwaka 2022. Nakala 900 ziliuzwa dola 599 kila moja kama zilizosainiwa kwa mkono. Walilinganisha picha, saini zikawa pacha, mchapishaji akarudisha fedha na Dylan akaomba radhi.

SWALI: Naweza kupima wino kwa spiriti?
— Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Utaharibu saini ya kweli na hutajifunza lolote kuhusu ya uongo. Tumia tochi ya kukagulia noti, yenye mwanga wa zambarau, ukiwa gizani. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zina dawa ya kung’arisha na huwaka buluu. Picha “ya 1935” ikiwaka hivyo, haikuchapishwa 1935. Tochi hiyo hiyo huonyesha mahali jina la aliyeandikiwa limefutwa. Jambo la kushangaza ni kwamba watu hulifuta ili kupandisha bei, wakati “Kwa Asha, kwa upendo” ndiyo maneno ambayo mghushi huyaogopa, kwa sababu kila herufi ya ziada ni nafasi nyingine ya kukamatwa.