Kwa ustadh anayeanza kusomesha: yasome kwanza maisha ya Sheikh Farsy

Ramadhani ikikaribia simu yangu huwa haitulii. Ni vijana waliohitimu juzi, imamu wa mtaani kawakabidhi kundi la watoto na chumba cha ubavuni mwa msikiti, na swali lao ni lile lile: Ustadh, nianzie wapi? Wengi hutaraji niwatajie kitabu cha fiqhi. Huwaambia wakayasome kwanza maisha ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kisha tuzungumze.

Jina lake wanalijua. Tafsiri yake ya Qurani imo kwenye rafu za misikiti mingi ya pwani, na wazee wa Mombasa wanamkumbuka kama Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968. Lisilotajwa sana ni kwamba sheikh huyu alikuwa mwalimu wa skuli. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akasoma kwa masheikh wa mjini, wakiwemo Sayyid Omar bin Sumeit na Sheikh Abubakar Bakathir, na huku akapitia skuli ya serikali na mafunzo ya ualimu. Miaka ya 1930 alikuwa anashika chaki katika skuli za msingi. Mwaka 1947 akapewa kazi ya kukagua masomo ya dini Unguja na Pemba, baadaye akaongoza skuli iliyosomesha kwa Kiarabu, na ilipofika 1960 ndipo akawa Kadhi wa Zanzibar. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 25 ya kazi ya ualimu kabla ya kukalia kiti cha hukumu.

Nalishikilia hili kwa sababu vijana wetu huamini kwamba ukishahitimu vitabu umeshakuwa mwalimu. Kuijua Ajurumiya, kile kitabu cha nahau ya Kiarabu, si sawa na kumfanya mtoto aielewe. Kusomesha kuna ufundi wake, nao haumjii mtu kwa kuvaa kanzu.

Nitoe mfano wa darasani kwangu. Tulikuwa kwenye Safina, kitabu cha fiqhi cha wanaoanza, mlango wa udhu. Kijana mmoja wa miaka kumi hivi alikuwa amezihifadhi faradhi zote kwa Kiarabu, sauti safi, irabu hakosei: nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka kichwa, kuosha miguu mpaka vifundoni, na ya sita tartibu, yaani kuyafuatisha kwa mpangilio huo huo. Wenzake wakabaki wanamtazama kwa wivu. Ikaadhiniwa alasiri, nami nikawa nimesimama karibu na bomba. Akaosha uso, akaosha mikono, akaitia miguu yote miwili majini, ndipo akakumbuka kichwa. Nikamuuliza, "Mwanangu, tartibu ni nini?" Akanijibu bila kusita, "Ni ya sita, Ustadh."

Basi mlango wa udhu usomeshe bombani, na mlango wa sala usomeshe kwenye mkeka. Matini wahifadhi, sikatai, masheikh wetu wote wamepita hapo. Lakini kila jumla wakishaisoma kwa Kiarabu waieleze kwa Kiswahili chao cha nyumbani, na wakishaieleza waitende mbele yako. Ikiwa alasiri nzima mmemaliza mstari mmoja, mmesoma.

Hapo kwenye Kiswahili ndipo Sheikh Farsy ana mengi ya kutupa. Tafsiri za Qurani kwa Kiswahili zilikuwepo kabla ya yake: ya kasisi Godfrey Dale iliyotoka 1923, kisha ya jumuiya ya Ahmadiyya iliyotoka 1953. Masheikh wa pwani hawakuridhika na hata moja, na kulalamika kulikuwa kwingi. Yeye akaketi akaandika. Sehemu zilianza kutoka Unguja kidogo kidogo, na kazi kamili ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Fungua ukurasa wowote uangalie maelezo ya chini. Ni maelezo ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali: anajua msomaji atakwama wapi, na anamfikia hapo hapo. Soma pia vijitabu vyake vya sala na saumu uone jumla zake zilivyo fupi. Na ni huyo huyo aliyeandika habari za Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na ada za harusi za Unguja. Mwalimu wa dini aliyeijua jamii yake mpaka chumbani kwa bibi harusi! Wewe je, unajua kwa nini yule binti hakosi kukosa chuo, yaani madrasa, kila Jumanne? Pengine ndiyo siku mama yake anayokwenda gulioni, na mtoto mchanga kaachiwa yeye. Ukishajua, hutamgombeza tena. Utampangia wakati mwingine wa kusoma.

Ile kazi ya ukaguzi nayo usiipite. Vyuo vyetu vingi leo havikaguliwi na mtu. Mwombe ustadh mwenzako aje akae nyuma, kimya, kikao kimoja kila mwezi, aangalie ni watoto wangapi wamesoma kwa sauti zao wenyewe. Katika kuitikia kwa pamoja, wachache wa mbele ndio wanaosoma na waliobaki wanafuatisha midomo. Dawa yake ni daftari. Andika jina la mtoto, sura aliyofika, na herufi inayomsumbua. Kwa watoto wetu mara nyingi ni ha nzito na ha nyepesi, au ain inayogeuka alifu. Kila siku msikilize kila mmoja, japo aya mbili tu. Ikiwa ni wengi, watoto wakubwa wawasikilize wadogo, nawe uwasikilize wakubwa. Ndivyo chuo cha zamani kilivyoendeshwa, na hakuna aliyekuja na bora zaidi.

Bakora iache. Najua sote tumechapwa, na wapo wanaoapa kwamba ndiyo iliyowatoa. Mimi nimekaa jioni na watu wazima, wana ndevu, waliokimbia chuo kwa sababu ya bakora wakabaki miaka wakiona haya kushika juzuu mbele za watu. Hao huwezi kuwasikia wakiisifu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana hulipenda zaidi kwa Sheikh Farsy, maana ndipo penye moto. Alisimama waziwazi dhidi ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, yaani uzushi katika dini, akayaandika bila kupindapinda, nao wenye kauli nyingine wakamjibu. Mzozo huo wa maulidi na mfano wake upo mpaka leo, na mimi sitauamua hapa. Kwa maoni yangu, kalamu yake ya kujibizana si ya kuigwa na anayeanza. Yeye aliishika akiwa ameshasomesha, ameshakagua na ameshahukumu miaka mingi. Wewe una miezi mitatu. Mkeka mmoja umekaliwa na watoto wa wanaosoma maulidi na watoto wa wasiosoma. Mwambie mtoto kwamba baba yake ni mzushi, na kesho mtoto haji, anakuja baba.

Kuna kazi yake nyingine ambayo ningependa kila ustadh aiige, na haimgombanishi na mtu. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha habari za wanavyuoni wa Kishafi, yaani wa madhehebu ya Imamu Shafi, wa Afrika Mashariki: nani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alimsomesha nani. Bila ya kalamu ile mengi yangezikwa na wenyewe. Naye alipofariki Muscat mwaka 1982, mwanafunzi wake Sheikh Saidi Musa wa Dar es Salaam akaandika maisha yake. Basi nenda kwa maalimu aliyekufunza alifu, chukua kalamu, muulize vitabu alivyosoma na kwa nani. Muulize majina kamili ya walimu wake na ya baba zao, maana akina Sheikh Ali ni wengi. Rikodi kwa simu kama ataridhia, lakini andika pia, simu huibiwa.

Mwisho ni riziki, ambayo wengi huona aibu kuniuliza, nami nasema bila kuulizwa. Sheikh Farsy alikuwa na mshahara wa ualimu. Ada za chuo hazilishi familia, na ustadh mwenye njaa huanza kuwapendelea watoto wa wenye uwezo bila hata kujijua. Mimi asubuhi nasomesha hesabu, jioni ndiyo chuo. Tafuta kazi, ushoni, duka, bodaboda, chochote cha halali. Mzazi akichelewesha ada, mwite faraghani, na mtoto wake aendelee kusoma kama kawaida. Imamu akikwambia msikiti hauna fungu la kukulipa, usikatae moja kwa moja. Kubali siku tatu kwa wiki badala ya sita, na mkubaliane mbele ya kamati, kwa maandishi.