Anza na Moto: Kwa Fundi Mpya Anayetengeneza Jiko Ndani ya Nyumba ya Mbao, Goma

Wadogo zangu mnaoingia kwenye useremala wa nyumba, karibu nyote mnanijia na swali la makabati. Milango mingapi, vioo au mbao tupu, rangi gani. Si kosa lenu. Mteja anakuja na picha kwenye simu: jiko la nyumba ya magogo huko Finland au Canada, taa za manjano, sufuria zinaning'inia, theluji dirishani. Anasema, "Fundi, nataka hivi hivi." Nanyi mnatoa futi, mnaanza kupima ukuta.

Rudisheni futi mfukoni. Siku ya kwanza mimi huomba chakula, na sifanyi mzaha. Namwomba mama wa nyumba apike kama anavyopika siku zote, pale pale anapopikia sasa, hata kama ni kibandani nyuma ya nyumba. Mimi nakaa kwenye kigoda nikitazama. Anakatia wapi vitunguu? Bidoni la maji liko upande gani? Mtoto anapita njia ipi akitumwa chumvi? Saa mbili za kutazama zimeniepusha na mengi ambayo futi haikuniambia.

Nitoe mfano wa kinu. Jiko langu la kwanza lilikuwa la sakafu ya mbao nzuri, nimezipiga randa mpaka zinateleza. Jumapili ya kwanza mama akaweka kinu katikati ili atwange sombe, majani ya muhogo. Kila mtwangio ukishuka, vikombe vinacheza rafuni, na kikombe cha tatu kilipoanguka akabeba kinu chake, akarudi uani. Tangu hapo naacha kipande cha sakafu cha mawe na saruji, mita 1 kwa mita 1 hivi, kinachokaa moja kwa moja juu ya mwamba bila kugusana na boriti za sakafu. Goma mwamba hauko mbali. Ukichimba kidogo tu umeufikia, mara nyingine huchimbi kabisa.

Mfano wa pili ni bugali. Meza ya kukatia inafaa iwe chini kidogo ya kiwiko cha anayepika, na kwa akina mama wengi wa hapa ni sentimita 85 hadi 90. Mafundi wanachukua kipimo hicho hicho wanapandisha mbabula, lile jiko dogo la makaa, juu yake, eti ndivyo ilivyo kwenye picha. Jamani, bugali la watu kumi halisongwi sufuria ikiwa kifuani! Mtu anausukuma mwiko kwa uzito wa mwili, mguu mmoja mbele, sufuria ikiwa chini ya kiuno. Ukimpandishia moto, baada ya wiki utakuta mbabula imeshushwa sakafuni, tena karibu na ukuta wa mbao. Kwa hiyo weka vimo viwili: meza ya juu ya kukatia, na jukwaa la mawe la moto, sentimita 45 hivi, ambalo mbabula na sufuria vitakaa juu yake.

Sasa tuingie kwenye moto wenyewe, kwa sababu jiko la nyumba ya mbao hupangwa kutoka motoni kuja nje. Kila anayeishi Birere, mtaa wetu wa Goma, anajua nyumba za mbao zilizobanana zikishika moto kinachotokea. Jiko la chuma lisilo na kinga yoyote likae sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao. Najua chumba chako kina mita 3 na mteja atanung'unika. Kuna njia ya kupunguza: simamisha bati mbele ya ukuta, ulitenganishe na mbao kwa nafasi ya sentimita 2 na nusu, uache wazi chini na juu ili hewa ipande nyuma yake. Hapo unaweza kusogea mpaka sentimita 30. Inayokinga hapo ni hewa ile inayopita. Nimeona bati limepigiliwa misumari juu ya mbao moja kwa moja, na fundi anajisifu. Bati la namna hiyo linapata moto, linaupitisha kwa mbao iliyo nyuma, na mbao inageuka makala, yaani makaa, polepole bila mtu kuona, mpaka siku moja inawaka.

Mimi napenda zaidi ukuta mfupi wa mawe ya volkano nyuma ya moto, nao pia nauacha mbali kidogo na mbao. Hapa ndipo jiko linapopata ule ujotojoto ambao mteja aliuona kwenye picha akadhani unatokana na taa. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mbao inazuia joto lisitoke, karibu mara kumi kuliko zege, lakini yenyewe haihifadhi joto jingi. Jiwe ndilo linalohifadhi. Mama akizima moto saa mbili usiku, mawe yanaendelea kutoa joto polepole na kuta za mbao zinalishikilia ndani. Ukiwa na mbao peke yake, chumba kinapata joto haraka na kupoa haraka. Ila mawe yetu yana vitundu na yananywa maji. Jiwe lililolala nje msimu wa mvua ukilipiga moto mkali siku ya kwanza, mvuke unatafuta njia na jiwe linapasuka. Washa moto mdogo siku kadhaa kwanza. Mimi nina alama kwenye mkono kwa kutosubiri.

Halafu hewa. Moshi mtu anauona na kuukimbia. Gesi ya makala, ile monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala wakiwa wamefunga madirisha kwa sababu ya baridi. Kadiri unavyoziba vizuri nyufa za nyumba ya mbao, ndivyo hatari inavyokua. Nyumba za zamani zilizojaa nyufa zilikuwa zikiwaokoa watu bila wao kujua. Weka tundu la hewa chini upande mmoja na jingine juu, karibu na paa, upande wa pili, yenye wavu wa waya na si kifuniko ambacho mtu atakifunga. Na mwambie mteja kwa mdomo wako kwamba mbabula haiingii chumba cha kulala, hata ikiwa imebaki na majivu mekundu tu.

Msichanganye gesi hiyo na mazuku. Mazuku inatoka ardhini, ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mabonde na mashimo, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea mji wa Sake kando ya ziwa. Gesi ya makala inachanganyika na hewa ya chumba kizima, mazuku inalala chini kama maji. Mteja akitaka jiko la kushuka ngazi, nusu chini ya ardhi, upande ule, kataa hiyo kazi. Waulizeni wenyeji wa mtaa ni wapi mbuzi na kuku wanakufa bila ugonjwa. Wanajua kuliko sisi mafundi.

Nije kwa kuta, mahali nilipopoteza pesa zangu.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao zilizopasuliwa, zimepigiliwa kwenye fremu juu ya msingi wa mawe. Baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wakajenga hivyo juu ya mwamba mpya kwa sababu mbao ni nyepesi na unaweza kuibomoa ukahama nayo. Mbao za mkaratusi zinakuja mbichi, wakati mwingine bado zinatoa maji ukipiga msumari. Zikikauka zinapungua upana na nyufa zinafunguka kati ya ubao na ubao. Dawa yake ni ubao mwembamba wa kuziba ufa, lakini uupigilie kwenye ubao mmoja tu kati ya ile miwili. Ukiubana pande zote mbili, kitu lazima kipasuke.

Nyumba ya magogo ina tabia nyingine kabisa, na mimi sikuijua. Mteja mmoja wa njia ya Sake alijengewa nyumba ya magogo ya sipresi, yamelazwa moja juu ya jingine, akaniita nimtengenezee jiko. Nikafunga makabati kwa skrubu ndefu, juu kwenye gogo la tisa, chini kwenye gogo la tatu. Nikaweka nguzo mbili za kushikilia boriti juu ya meza. Nikapokea pesa yangu yote. Mwaka uliofuata akanipigia simu: milango ya kabati haifunguki, kioo cha dirisha kimepasuka, na boriti imenyanyuka juu ya nguzo kama nyumba inataka kuvunjika mgongo.

Hakuna aliyemroga. Gogo likikauka linapungua unene, lakini urefu wake karibu haubadiliki. Ukuta wa magogo yaliyolala ni unene juu ya unene, kwa hiyo wote unashuka. Nguzo iliyosimama inabaki na kimo chake. Kwa magogo mabichi, wajenzi wa nchi za baridi wanaacha nafasi ya asilimia 6: sentimita 6 kwa kila mita ya kimo. Ukuta wa mita 2 na nusu unaweza kushuka sentimita 15! Mimi nilikuwa nimeunganisha gogo la tisa na la tatu kwa kabati ngumu, kama mtu aliyewafunga pingu watu wawili wanaotembea kwa mwendo tofauti.

Siku hizi nikiingia kwenye nyumba ya magogo, kabati la juu nalining'iniza kwa gogo moja tu, na chini yake naliacha huru. Likihitaji skrubu ya pili, tundu lake nalikata refu kwenda juu na chini, na skrubu siikazi mpaka mwisho. Kabati la chini linasimama kwa miguu yake sakafuni bila kushikwa na ukuta. Juu ya dirisha na mlango naacha nafasi tupu, naijaza pamba au sufi, naifunika kwa ubao uliopigiliwa upande wa juu pekee. Chini ya kila nguzo nadai iwekwe skrubu kubwa ya kuishusha kidogo kidogo. Bomba la moshi nalo halishuki pamoja na paa, kwa hiyo linapita ndani ya mkono wa bati mpana, liteleze lenyewe, na mbao zikae sentimita 46 mbali na bomba la tabaka moja la bati. Bomba la maji linalosimama nalipa mpindo mmoja wa mpira unaoweza kukunjika.

Kuhusu maji sina mengi. Hata nyumba yenye robine, yaani bomba la maji, pangeni nafasi ya bidoni. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, itazileta tano kwa mara moja, na tano za lita 20 ni kilo 100, kwa hiyo zikae kwenye kibao cha miguu mizito karibu na mlango wa nyuma, kimo cha kiuno, siyo rafu ya ukutani. Bomba la maji machafu literemke sentimita 2 kwa kila mita.

Umeme: tangu kituo cha umeme wa maji cha Matebe kule Rutshuru kianze 2015, wapo wengi wanaopikia umeme, na mimi nawasifu. Waya upite ndani ya bomba, na maungio yote yawe ndani ya boksi unaloweza kulifungua, kamwe yasiwe katikati ya mbao mbili.

Sehemu ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ifunikeni bati laini la kufutika. Magogo matupu yakinywa mafuta ya samaki, harufu haitoki hata kwa msasa. Msipake mawese kwenye mbao eti zing'ae, kwa sababu hayakauki, yanachacha na kuvuta nzi. Oili chafu ya gari, ile tunayopaka nje ya nyumba kuzuia mvua, isivuke mlango wa jiko. Na mkipata mafuta ya kitani, vitambaa mlivyopakia visirundikwe kwenye kona ya karakana, maana vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke au vizamisheni kwenye ndoo ya maji.

Makabati sasa yanaweza kuja. Rangi achague mteja.

Na malipo: kwenye nyumba ya magogo msichukue pesa yote siku ya kukabidhi. Mwachieni mteja sehemu, andikeni kabisa kwamba mtarudi baada ya kiangazi cha kwanza na cha pili, kulegeza skrubu za nguzo na kutazama nafasi za madirisha. Mimi huenda Septemba, kabla mvua haijashika. Yule mama wa njia ya Sake nilimrudishia kazi yake bila malipo, na kila nikifika na spana yangu ananiuliza kama nimekula.